Msitufiche Matope

Mpwa wangu aliyeko Göteborg, Uswidi, aliniletea filamu mwezi uliopita. Ni yeye mwenyewe anakimbia msituni, kamera ameifunga kipajini kwa ukanda, nasi twaona akionacho: miti yapita, mkono wa kushoto una ramani, kidole gumba kimevishwa dira ndogo. Ilikuwa ya dakika 6, laini kama maji ya mtungini. Niliipenda. Nikaitazama mara ya pili, na hapo nikaingiwa na shaka, kwani kijana huyo huyo alinieleza katika simu kwamba siku ile alirudi nyumbani magoti yanavuja damu na kiatu kimoja kimejaa tope. Hilo tope liko wapi?

Kwa asiyeujua mchezo huu: ni mbio za ramani na dira. Mkimbiaji hukabidhiwa ramani wakati wa kuanza tu, imetiwa duara penye vituo anavyotakiwa avipitie kimoja baada ya kimoja. Kituoni hukuta kibendera cha rangi ya machungwa na nyeupe. Njia ya kutoka kituo hadi kituo hapewi na mtu. Ni yeye na akili yake. Mchezo ulitokana na mafunzo ya wanajeshi wa Skandinavia, na mashindano ya raia yalifanywa Norwe tangu mwaka 1897. Chama cha kimataifa kiliundwa Copenhagen mwaka 1961, na mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanywa Finland mwaka 1966.

Wazungu jina la mchezo wao wamelitoa katika neno la mashariki, lichomozako jua. Sisi wa pwani tulijielekeza kwa kibla, hata neno hilo likawa ndilo kaskazini yetu, na haki yake, kwa kuwa Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Mombasa. Kwa hivyo mtu na dira yake si jambo la kutustaajabisha. Nahodha zetu walikuwa nazo. Lakini bahari haina magogo.

Na ubishi wangu uko hapo penye magogo. Msitu wa kule una mawe makubwa yaliyovikwa utando wa kijani unaoteleza, una miti iliyoanguka ikapandana, una vinamasi ambavyo kwa juu ni majani na kwa chini havina sakafu. Hata ramani yao imechorwa kwa hofu ya ardhi. Nyeupe ni msitu unaokimbilika, na kijani, ambayo mimi na wewe tungedhani ni neema, ni kichaka. Kadiri inavyokoza ndivyo usivyopenyeka. Mistari ya kahawia ni vilima. Mwenye kuisoma vyema huzunguka mbali ili afike mapema.

Sasa chukua kamera. Kioo chake ni kipana, chaona kila upande, na kwa upana huo mlima hulala chini ukawa uwanja. Mtikiso wa kichwa nao hutulizwa na mashine, hata mtu anayeruka gogo akaonekana kama aliyeketi garini. Nakiri kwamba mtikiso ukiachwa wote mtazamaji hushikwa na kizunguzungu. Mimi mwenyewe nilifumba macho. Basi na utulizwe kidogo. Lakini kupunguza mtikiso ni jambo moja, na kuifuta ardhi ni jingine.

Nikamwandikia aniletee filamu nzima, isiyokatwa. Alisita. Mwisho akaileta, dakika 43. Katika dakika ya 19 kijana anasimama. Pumzi zasikika. Anaigeuza ramani, anatazama dira, anatazama miti, na miti yote ni mmoja. Anakwenda kulia, anarudi. Anasema peke yake, kwa Kimvita chetu, "Ni wapi hapa?" Kisha anafanya jambo la busara: anarudi nyuma hadi kwenye jiwe kubwa alilolijua, analiona ramanini, na kutoka hapo anaanza upya. Dakika 11 zimekwenda. Zote 11 alikuwa amezikata.

Nilipomuuliza sababu alisema, "Mjomba, ni aibu." Kwangu mimi hizo ndizo mbio. Miguu yenye kasi iko kila kiwanja; mtu aliyepotea akajirejesha mwenyewe kwa karatasi na sindano ya dira, huyo sikuwahi kumwona.

Wapigapicha wa mashindano makubwa nawaheshimu. Katika mbio za kupokezana za Jukola huko Finland, zilizoanza mwaka 1949, watu saba wa timu moja hupokezana kuanzia usiku wa Jumamosi ya mwezi wa Juni hadi asubuhi. Mpigapicha anayewaandama msituni hana budi awe mkimbiaji naye, tena aliyebeba mzigo, macho yake yamo katika kamera si miguuni. Na akisimama karibu na kituo ajifiche, maana mshindani akimwona mtu na kamera yake chini ya mti ameshajua kibendera kiko wapi, na ramani imekuwa kazi bure.

Lakini hata hao hupenda kumfuata aliye mbele. Mwaka 2009, katika mbio za kupokezana za ubingwa wa dunia huko Miskolc, Hungaria, Mswidi Martin Johansson alichomwa pajani na kijiti, kikazama. Wapinzani wake watatu, Thierry Gueorgiou wa Ufaransa, Anders Nordberg wa Norwe na Michal Smola wa Cheki, waliacha mbio wakamhudumia. Uswisi ikatwaa ubingwa. Kamera inayomwandama wa mbele peke yake ina habari gani na walioinama kichakani juu ya mwenzao?

Mpwa wangu amenijibu. Mbio zake zijazo ni za usiku; taa ataivaa kichwani, kwa hivyo kamera itashuka kifuani. Nimemwambia asikate kitu, hata nikilalamika.