Wakubwa wa vituo, msibadilishe kompyuta zote usiku mmoja

Hapa Bunia kuna chumba kimoja cha kompyuta ambako familia zilizokimbia vita huja kutazama kama majina yao yapo kwenye orodha ya msaada. Asubuhi moja nilikuta foleni imefika barabarani. Ndani, kompyuta zote 12 zilikuwa zimekwama kwenye maandishi yale yale. Mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri akaambiwa arudi kesho, kwa sababu fundi amebadilisha mfumo.

Mimi nasema fundi hakukosea kubadilisha. Alikosea namna ya kubadilisha.

Kompyuta za chumba kile hazina diski. Ukiwasha moja, inaomba anwani kwa serveri, inapokea kiini cha mfumo kupitia waya wa netiweki, kisha inasoma faili zake katika folda moja ambayo zote zinatumia. Chungu ni kimoja: chumvi ikizidi, imezidi kwa wote.

Fundi aliweka toleo jipya juu ya lile la zamani. Kompyuta zilipokea kiini kipya bila shida, lakini ndani yake hamkuwa na programu ya kuendesha kadi zao za netiweki, ambazo ni za miaka mingi. Zikashindwa kurudi kwa serveri kuchukua faili zilizobaki. Na toleo la zamani lilikuwa limekwisha kufutwa.

Wengine watasema tubaki na la zamani. Hapana. Debian 11, kwa mfano, ilitoka Agosti 2021, na marekebisho yake ya usalama yamepangiwa kuishia Agosti 2026. Baada ya hapo, matundu mapya yakionekana hayazibwi tena kwa kawaida. Majina ya watu waliokimbia, na mahali wanapolala, hayafai kuwekwa katika nyumba yenye mlango mbovu.

Njia ipo, tena haidai pesa nyingi, ni nafasi tu kwenye diski ya serveri. Toleo jipya liwe na folda yake, kando ya la zamani. Kila kadi ya netiweki ina namba yake, na kwa namba hiyo serveri inaweza kuelekeza kompyuta moja tu kwenye toleo jipya. Hiyo moja ifanye kazi wiki nzima: ifungue orodha, ichapishe karatasi, izimwe na kuwashwa tena. Ikikubali, zingine zifuate mbili mbili. Ikikataa, inarudishwa kwenye folda ya zamani, inawashwa upya, na foleni inaendelea.

Wakubwa wa vituo, hamhitaji kuwa mafundi. Kabla ya kazi hiyo, muulizeni fundi wenu: umejaribu kwenye kompyuta ngapi, na toleo la zamani liko wapi? Pia chapisheni orodha kwenye karatasi siku moja mbele.

Yule mama alipata kuona jina lake siku ya tatu.