Dhana si Dawa

Mwili wa mwanadamu ni mji mmoja wenye mitaa mingi, na msiba wa mtaa mmoja huenda ukasikika katika mtaa mwingine. Kwa hiyo, msomaji, usicheke uambiwapo kuwa wataalamu wanachunguza kama bakteria wa matumboni wana mkono katika uchakavu wa uti wa mgongo. Swali hilo ni halali. Ninalolipinga ni jambo jingine: haraka ya watu kugeuza swali kuwa jawabu, na jawabu kuwa kidonge.

Baina ya pingili za mgongo zimo diski, nazo ni mito ya gegedu inayozuia mfupa kusaga mfupa. Ndani ya diski ya mtu mzima kwa kawaida hamna mishipa ya damu. Riziki yake huipata kidogo kidogo, kwa kupenyezewa kutoka katika mifupa iliyo juu na chini yake. Kwa umri, kwa mizigo na kwa maumbile ya kurithi, hukauka na kupasuka. Matumboni nako huishi bakteria kwa matrilioni, ambao huvunja makapi ya vyakula na kusaidia kuongoza kinga ya mwili. Yadhaniwa kuwa ukuta wa utumbo ukidhoofika, bakteria au sumu zao huenda zikaingia katika damu, zikachochea uvimbe, na uvimbe ukaharakisha uharibifu wa diski. Dhana hii ina mantiki. Lakini mantiki peke yake si ushahidi.

Tazama yaliyotokea Ulaya. Mwaka 2013 wataalamu wa Denmark walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 162 wa maumivu sugu ya mgongo. Wakishuku kuwa bakteria wamejipenyeza ndani ya diski, waliwapa baadhi yao antibiotiki kwa siku 100, na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliomeza dawa walipata nafuu kubwa, na watu wakashangilia. Mwaka 2019 wataalamu wa Norway walitangaza jaribio lao la wagonjwa 180, waliotibiwa kwa miezi 3. Mwaka ulipotimia, tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno, isiyomfaa mgonjwa. Lakini waliomeza dawa walipata madhara zaidi. Shangwe za jana zilikuwa zimetangulia mbele ya ukweli.

Huenda ukasema: "Mbona Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipuuzwa waliposema kuwa bakteria huleta vidonda vya tumbo, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel?" Ni kweli. Lakini hawakutuzwa kwa kudai. Walituzwa kwa kuthibitisha. Dai lao lilipimwa, likapimwa tena, likasimama. La mgongo bado limo mizanini.

Sasa mfikirie mtu anayenunua antibiotiki dukani bila cheti cha daktari, ati autibu mgongo wake. Mtu huyu anajipinga mwenyewe. Ikiwa bakteria wema wa tumbo ni walinzi wa mgongo, basi amewaua walinzi wake kwa mkono wake. Ikiwa si walinzi, amepoteza fedha. Katika hali zote mbili amewapa bakteria wabaya nafasi ya kuizoea dawa, na siku mtoto wa jirani atakapougua nimonia, huenda dawa ile isimfae. Ujinga wa mmoja hulipwa na wengi.

Msomaji, kesho wewe utakuwa daktari, mwuguzi, mwuza dawa au mzazi. Ukiletewa habari mpya ya tiba, uliza: ilijaribiwa kwa watu wangapi? Ililinganishwa na nini? Je, wengine waliirudia wakapata yale yale? Asiyeuliza maswali haya si mfuasi wa sayansi, hata akitamka majina yake yote kwa ufasaha. Haraka haraka haina baraka; na katika tiba, huweza kuwa na kaburi.