Mgeni Akifungua Duka, Kosa Liko Wapi?



Ndugu zangu wa Nakaloke, maneno yanayosemwa siku hizi barazani, na wakati mwingine hata nje ya msikiti baada ya swala, yanatia hofu. Litaje tu duka la Mhindi au la Mchina pale Mbale mjini, utajibiwa papo hapo: "Hawa wametumaliza, warudi kwao." Wengi wanaosema hivyo ni vijana ambao hawakuyaona ya 1972. Waliyoyaona bado wapo. Mbona wananyamaza?

Tangazo lile halikutoka mbali. Lilitolewa Tororo, hapa jirani, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alipowaambia askari kwamba Waasia wataondoka. Wakapewa siku 90. Wala tusitafute udhuru wa dini: Waislamu walikuwamo miongoni mwa waliofukuzwa, na aliyewafukuza naye alikuwa Mwislamu.

Je, tulipata nini? Maduka, makampuni na mashamba 5,655 yaligawiwa, mengi yakaangukia mikononi mwa askari na marafiki zao. Watu wakawabandika jina, mafuta mingi. Wazee husimulia habari ya mwenye duka mpya aliyeulizwa bei ya shati, akatazama namba ya ukosi, akaitaja hiyo kuwa ndiyo bei. Tunacheka, lakini ni kilio. Rafu zilipokwisha hakujua bidhaa huagizwa wapi, wala hakuwapo wa kumkopesha. Na Kakira, kule Jinja, kiwanda cha sukari alichokianzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930, uzalishaji uliporomoka. Nchi yenye mashamba makubwa ya miwa ikapanga foleni ya sukari na kuinunua kwa magendo! Sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zao ikapitishwa 1982, na familia ya Madhvani ikarudi mwaka 1985 kukifufua kiwanda.

Waliopewa maduka walipewa milango na rafu. Hesabu, kuaminiwa na muuzaji wa jumla, na subira ya kula kidogo ili mtaji ukue, hayo Wahindi waliondoka nayo.

Atasema mtu: lakini mgeni anakuja na mtaji mkubwa, kisha anauza rejareja na kumbana mama mwenye kibanda. Ni kweli, na lalamiko hilo lina haki. Basi tudai sheria ifuatwe. Katiba ya 1995 haimpi mgeni umilikaji wa ardhi ila kwa kukodi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 imeweka kikomo cha miaka 99. Leseni anatakiwa awe nayo, na kodi alipe. Akivunja, ashitakiwe kama yeyote. Ila tusimsahau mwenyeji anayemkopesha mgeni jina lake ili aandikishe kiwanja. Huyo hatumtaji barazani, kwa sababu ni mjomba wa mtu.

Abdulrahman bin Auf (r.a.) alifika Madina akiwa mhajiri asiye na kitu. Saad bin Rabii, mwenyeji wake, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Hakuichukua, akaomba aonyeshwe soko liliko, akaanza na jibini kavu na samli, na baadaye akawa tajiri. Hatukusikia kwamba Ansari walimfungia duka kwa kuwa katoka Makka.

Na sisi je, hatuna wageni wetu huko nje? Vijana wa Uganda wamejaa Juba wakiuza vyakula na nguo na kuendesha bodaboda. Vita ilipolipuka kule Desemba 2013, wengi waliacha bidhaa zao wakakimbia na nguo walizovaa. Walirudi kwetu wakiwa mikono mitupu, na sikumsikia mtu yeyote hapa Nakaloke akisema walistahili kwa sababu walikuwa wageni.