Maajabu ya Viumbe: Koa Mwekundu wa Baharini

Mkulima wa Thika au Ruiru amjua koa vizuri. Mvua za masika zinyeshapo, hutambaa usiku juu ya kabeji, hana gamba, rangi yake ni kama matope, na kukipambazuka hujificha chini ya majani. Lakini baharini yuko ndugu yake avaaye mavazi ya kifalme.

Koa huyo, wa jamii iitwayo Hexabranchus, huonekana katika miamba ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Ni mwekundu, na huweza kufikia urefu wa sentimeta 40. Mgongoni ana matamvua sita ya kuvutia pumzi, na ndiyo maana ya jina lake. Mchana hujificha mwambani. Usiku hutoka kutafuta sifongo, ambazo ndizo chakula chake. Akishtuliwa, hukunjua kingo za mwili wake akaogelea kwa kujipindapinda, hata wazamiaji wakamwita mcheza ngoma wa Hispania.

Alipoanguliwa alikuwa na gamba dogo, kisha akalivua. Basi ajikingaje? Sifongo azilazo zina sumu. Yeye haimdhuru, bali huiweka akiba mwilini, na wekundu wake ni onyo kwa samaki. Hata mayai yake, ayatagayo katika utepe mwekundu uliokunjwa kama waridi, huyatia sumu hiyo hiyo.

Hata hivyo yuko adui asiyezuiwa na sumu. Maji ya mto Ruiru huingia katika mto Athi, nao Athi, ukiitwa Galana na mwisho Sabaki, humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mto Thika huingia Tana, nayo hufika bahari hiyo hiyo. Udongo uchukuliwao na mvua kutoka mashamba ya bara husafiri kwa njia hizo. Ukitua juu ya matumbawe na sifongo, huviziba na kuvidhoofisha.

Mwaka 1968 Serikali ilitenga sehemu za bahari za Malindi na Watamu kuwa hifadhi, na humo ni marufuku kuokota kiumbe chochote. Lakini sheria ya pwani haiyazuii matope ya bara. Mkulima achimbaye matuta na kupanda majani ukingoni mwa mto hulinda kahawa yake, na pamoja nayo hulinda chakula cha kiumbe ambacho huenda asikione maisha yake yote.