Kabla ya dawa, tazama mnyama analalia nini

JICHO LA MLIMANI
Na Zuhura Mkude

Wenye farasi wa Ulaya na Marekani wana mjadala mrefu kuhusu kitu cha kutandika bandani, na wengi wao sasa wanasifia kiini cha shina la bangi ya viwandani. Hiyo ni bangi isiyolevya, inayolimwa kwa ajili ya nyuzi. Shina likipondwa, nyuzi za ganda huenda viwandani. Kiini chepesi kinachobaki hukatwakatwa, huondolewa vumbi na kufungwa marobota. Uingereza ilianza tena kutoa vibali vya kilimo hicho mwaka 1993, na kampuni ya Hemcore ya Essex ilipata wanunuzi wake wakubwa wa kiini katika mabanda ya farasi.

Nimelileta jambo hili Morogoro, ambako farasi ni wachache mno, kwa sababu swali wanaloulizana watu hao sisi hatuliulizi kabisa. Mfugaji wetu atakutajia bei ya mashudu, bei ya chanjo ya kideri na bei ya dawa ya minyoo bila kusita. Muulize banda lake kalitandika nini na kwa nini, atakwambia ametandika kilichopatikana. Tunalipia jibu hilo kila mwezi kwenye duka la dawa za mifugo, tukidhani tunalipia bahati mbaya.

Farasi na jamaa zake hawajawahi kupata maisha rahisi upande huu. Burton na Speke walipita Zungomero, kusini mwa milima ya Uluguru, mwaka 1857, na punda waliotoka nao pwani karibu wote walikufa. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla hajaufikia mji wa Simbamwene, hapa chini ya milima yetu. Ndorobo na maradhi ya nyika vilifunga njia hiyo kwa karne nyingi. Leo farasi wanaojulikana zaidi nchini ni wale wa kikosi cha farasi na mbwa cha Jeshi la Polisi jijini Dar es Salaam. Punda ndiye aliyevumilia. Ukienda Gairo utamkuta bado anabeba maji na magunia.

Hata hivyo farasi anafaa kuwa mwalimu wetu katika hili, maana mapafu yake hayasamehe. Farasi mzima hutoa zaidi ya kilo 15 za kinyesi kwa siku, pamoja na lita kadhaa za mkojo. Bakteria wa sakafuni huuvunja mkojo huo na kutoa amonia, ile harufu inayochoma macho ukifungua banda asubuhi. Amonia hukwaruza njia ya hewa, kisha vumbi na ukungu humalizia kazi. Watu wengi wanaamini kwamba farasi hulala wima tu. Husinzia wima, lakini usingizi mzito hawezi kuupata mpaka alale chini, walau kwa muda mfupi kila siku. Sakafu ikiwa ngumu au imelowa, hatalala, na kwato zake zitaanza kuoza kwa chini. Ng'ombe, nguruwe na kuku wana mambo hayohayo, ila wao huchukua muda mrefu zaidi kutuonyesha.

Kwa vipimo hivyo, kiini cha bangi ya viwandani kinastahili sifa zake. Hunyonya maji mara kadhaa ya uzito wake, kina vumbi kidogo kikisafishwa vizuri, mnyama hakitamani sana kukila, na huoza haraka kuliko maranda. Lakini hapa kwetu sipendekezi mtu yeyote akifikirie. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imeuharamisha mmea wa bangi, na mkoa huu unaijua vizuri operesheni ya kufyeka na kuteketeza mashamba. Malawi ilipitisha sheria yake ya bangi mwaka 2020. Sisi hatujafanya hivyo, na mfugaji asije akafungwa kwa ajili ya kitu cha kutandika bandani. Hata sheria ikibadilika kesho, marobota mepesi yanayojaza kontena zima yatafika Morogoro kwa bei ambayo hakuna banda la kawaida litakaloimudu. Vitu vya kutandika vya hapa kwetu ni vingi, tena vingi vyake vinachomwa moto.

Nianze na maranda, maana ndiyo yanayonunuliwa zaidi. Kwa farasi, punda na ndama, maranda makavu ya msindano ndiyo chaguo langu la kwanza katika mji huu. Mbao za msindano kutoka shamba la Sao Hill, Mufindi, zimejaa kwenye karakana zetu. Maranda yake ni mapana, yana joto na yananyonya. Shida ni kwamba kiroba cha maranda hakina jina la mti. Fundi mmoja huranda msindano asubuhi, mchana mtiki wa Mtibwa au Kilombero, jioni mvule wa mlango wa mteja, na vyote hufagiliwa pamoja. Vumbi la mtiki na la mvule linajulikana kuwasha ngozi na kubana vifua vya maseremala wenyewe, ambao hukaa nalo saa chache kwa siku. Mnyama analilalia usiku kucha. Marekani kuna mti mmoja, jozi mweusi, ambao maranda yake yakichanganywa kwenye malalo humfanya farasi avimbe miguu na kuumwa kwato ndani ya muda mfupi, na wenye farasi wa huko hawanunui mfuko bila kuuliza. Hatari zaidi ni mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, ambazo siku hizi ndizo zinazoezekea nyumba nyingi. Maranda yake yasiingie bandani kabisa.

Tena maranda si unga wa mbao. Unga unaotoka kwenye msumeno ni laini mno, huruka, na ukilowa hugandamana. Madaktari wa mifugo wameuhusisha kwa muda mrefu na ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu vijidudu hukaa vizuri ndani yake na chuchu hulala juu yake. Kwenye banda la vifaranga, unga uliolowa huota ukungu unaoingia mapafuni.

Pumba za mpunga nazo zina mahali pake. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni pumba, na mkoa wenye Dakawa, Kilombero na Ifakara hauwezi kulalamika kwamba hazipo. Kwa kuku wa nyama ni nzuri: ni kavu, hazigandi haraka, na kuku huzichakura. Kwa farasi sizipendi zikiwa peke yake. Hazinyonyi mkojo vya kutosha, hivyo mkojo hupita chini na kutengeneza tope ambalo huwezi kuliona kutoka juu. Mwenye farasi au punda anaweza kuweka pumba chini na maranda mazito juu, akabadilisha sehemu zilizolowa kila siku. Kinachoniuma ni vilima vya pumba vinavyowashwa moto kando ya mashine za kukoboa, moshi ukiingia kwenye nyumba za watu, wakati kilomita chache kutoka hapo kuna mfugaji anayelaza ndama juu ya saruji tupu.

Wapo wanaofikiria mkonge, na ninaelewa kwa nini. Tungi, Pangawe, Kimamba na Rudewa ni majina ya mkonge. Nyuzi hazifiki asilimia 5 ya uzito wa jani, na kila kinachobaki humwagwa nje ya korona, mashine ya kuchambua nyuzi. Ila mabaki mabichi yana majimaji yanayowasha ngozi, na waliofanya kazi koronani wanayajua. Nyuzi fupi zilizobaki nazo zikimezwa zinaweza kujifunga tumboni mwa mnyama. Mabaki hayo yakifuliwa, yakakaushwa na kukatwa mafupi, huenda tukapata malalo mazuri kuliko yote niliyoyataja, lakini hilo ni la kupimwa kwanza, wala mfugaji asilijaribu kwa mnyama wake wa pekee. Makapi ya miwa ya Mtibwa na Kidatu huchomwa kwenye matanuri ya viwanda, na yakirundikwa na unyevu huota ukungu unaodhuru mapafu ya binadamu. Nayaacha.

Mahali nilipoona jambo hili limefikiriwa kwa akili kamili ni Mgeta, juu milimani Uluguru. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe waliletwa nchini miaka ya 1980, na kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) wakafika Nyandira, Langali, Tchenzema na vijiji vingine vya huko juu. Banda lao huinuliwa kutoka ardhini na sakafu yake ni ya fito zilizoachana kidogo. Kinyesi na mkojo hupita, mbuzi hubaki mkavu, na mwenye banda huzoa samadi kutoka chini bila kumsumbua mnyama. Hakuna cha kununua. Samadi hiyo hupanda kwenye matuta ya ngazi ya kabichi, njegere na viazi. Ikumbukwe kwamba serikali ya kikoloni ilipolazimisha matuta Uluguru nzima, kwa mpango ulioanza mwaka 1950, upande wa Matombo ulilipuka kwa ghasia mwaka 1955. Mgeta matuta yalishika kwa sababu bustani za mboga ziliyahitaji. Mfugaji naye atabadilisha sakafu akiona faida yake, hahitaji kufokewa na bwana mifugo.

Na faida yenyewe haikomei kwa mnyama. Malalo mazuri huushika mkojo, na mkojo ndio wenye sehemu kubwa ya naitrojeni ambayo mkulima huyohuyo anainunua dukani kwenye mfuko wa yurea. Banda tupu huuachia uteremke. Kwetu kuteremka maana yake ni kuingia mito ya Uluguru, kwenda bwawa la Mindu tunalolitegemea mjini, na kupitia Ruvu kwenda kwa watu wa Dar es Salaam. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo haiachi kitu juu ya ardhi. Tahadhari moja: maranda yaliyotoka bandani yasipelekwe shambani moja kwa moja. Yarundikwe, yageuzwe, yaoze kwanza, la sivyo vijidudu vinavyoyaozesha vitainyang'anya mimea naitrojeni hiyohiyo. Na majani ya kutandika yasifyekwe ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Ile ni nyumba ya maji yetu.

Sasa madai yangu. SUA ina madaktari wa wanyama, ina wataalamu wa misitu na ina wataalamu wa udongo katika uwanja mmoja. Nataka wapime mabaki ya mkonge na mchanganyiko wa pumba na maranda kwenye mabanda ya hapahapa, kisha watoe matokeo kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja ambayo bwana mifugo ataibandika ofisini kwake. Nataka Manispaa iwazuie wenye mashine kuchoma pumba na iwatengee mahali pakavu pa kuziuzia. Na nataka maseremala watenganishe maranda ya msindano na ya miti mingine. Ni kazi ya ufagio na viroba viwili, na kiroba safi kitauzwa kwa bei nzuri zaidi.

Wewe msomaji mwenye banda, kesho alfajiri ingia kabla hujafungua madirisha. Piga goti, pua yako iwe usawa wa pua ya mnyama aliyelala, uvute pumzi. Macho yakikuchoma, usiende duka la dawa kwanza. Ng'oa malalo yaliyolowa, acha sakafu ikauke, kisha nenda kwa seremala umwulize, "Fundi, maranda haya ni ya mti gani, na mbao zake zilitiwa dawa?" Asipojua, usinunue.