Kompyuta ya ofisi ya nyumbani: Linda kumbukumbu kwanza, kasi baadaye

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, napigiwa simu na wenye maduka ya pembejeo, mashine za kukoboa na maghala madogo. Wanataka kuachana na madaftari na kuweka hesabu zao katika kompyuta ya mezani nyumbani au nyuma ya duka. Wengi wameshasikia kuwa ni nafuu kununua vipuri kimoja kimoja na kumpa fundi aviunganishe. Swali lao ni moja: kwa fedha niliyo nayo, ninunue vipuri gani?

Zamani nilikuwa nalijibu swali hilo haraka. Siku hizi silijibu kabla ya kuuliza maswali yangu mwenyewe, na sababu ni shangazi yangu.

Shangazi ana duka la pembejeo mjini Ifakara, na nyuma ya duka ana mashine ya kukoboa mpunga. Wakati wa kupanda huwakopesha mbolea na dawa wakulima anaowafahamu, nao humlipa wakishavuna, wengine kwa fedha taslimu na wengine kwa magunia. Kwa miaka mingi madeni hayo aliyaandika katika kaunta buku. Ni mimi, msomi wa familia, niliyemshawishi aachane nalo. Nilimwandikia orodha ya vipuri, nikaenda mwenyewe Kariakoo kuvinunua.

Katika orodha ile niliweka prosesa yenye nguvu kuliko kazi yake ilivyohitaji, na kadi ya grafiki ambayo hakuihitaji kabisa. Fedha zilipokaribia kwisha nikachukua pawa saplai ya bei ya chini kuliko zote dukani. Nje ilikuwa imeandikwa wati 600, lakini ukiinyanyua ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. UPS nikaiacha, nikamwambia tutainunua msimu ujao. Msimu ukaja ukapita, na mwingine ukapita, kila mara kukiwa na jambo la haraka zaidi.

Mwaka wa tatu, mchana mmoja umeme ulikatika mashine ya kukoboa ikiwa kazini. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo. Pawa saplai iliungua, ikaondoka na ubao mama pamoja na diski. Kumbukumbu za misimu mitatu zilikuwa mle ndani tu, hazikuwa na nakala popote.

Wakulima 43 walikuwa wanadaiwa. Wengi walikuja wenyewe wakataja deni lao, wachache walinyamaza. Hata hivyo, lililomuumiza shangazi zaidi halikuwa fedha. Mzee mmoja, mteja wake tangu siku za mwanzo za duka, alikuwa amemaliza kulipa wiki mbili kabla. Shangazi, kwa kutegemea kichwa chake, alimtumia ujumbe wa kumkumbusha deni. Mzee alifika dukani mbele ya wateja akiwa ameshika risiti yake mkononi. Shangazi aliomba radhi, na mzee aliipokea, lakini tangu siku hiyo mbolea ananunua duka la jirani. Shangazi aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, kaunta buku langu halijawahi kuungua."

Hakuna muuzaji wala fundi wa kulaumiwa hapo. Orodha ilikuwa yangu. Na tangu wakati huo nimeziona orodha nyingi za aina hiyo, za watu wanaonunua kasi wasiyoihitaji kwa fedha ambayo ingelinda kumbukumbu zao. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe.

Anza na kazi yenyewe

Ndugu msomaji, kabla hujaingia dukani, andika kazi ambazo kompyuta itafanya. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo kazi hizo ni chache: jedwali la madeni na stoo, barua na ankara, kufungua mtandao wa benki na wa kodi, kuhifadhi taarifa za malipo ya simu, na kuchapa. Hakuna hata moja inayohitaji kadi ya grafiki. Kadi hiyo ni ya michezo ya kompyuta, ya kuhariri video na ya wachoraji wa ramani za majengo.

Kazi hizo pia hazijazi diski. Jedwali la madeni la miaka mitano linaingia katika fleshi ndogo na nafasi ikabaki. Kwa hiyo, muuzaji akikuambia ongeza fedha upate diski kubwa, muulize wewe utaweka nini humo.

Umeme na diski kwanza

Kipuri cha kwanza katika orodha kiwe pawa saplai. Kompyuta ya kazi za ofisi isiyo na kadi ya grafiki haifiki wati 150 hata ikifanya kazi kwa nguvu, ukiiacha monita. Kwa hiyo pawa saplai ya wati 400 hadi 450 inatosha kabisa. Tafuta yenye jina la kiwanda kinachojulikana na alama ya 80 Plus, ambayo hutolewa baada ya kupimwa jinsi inavyotumia umeme. Wati 450 za kweli ni bora kuliko wati 600 za kwenye lebo.

Cha pili ni UPS. Ya VA 650 inaitosha kompyuta ya aina hii pamoja na monita yake, nayo itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Chagua yenye uwezo wa kurekebisha umeme unaopanda na kushuka, hasa kama kuna mashine ya kusaga au kukoboa karibu, kwa maana mota kubwa inapowaka huvuta umeme wote wa laini. Printa ya leza usiichomeke katika UPS, maana huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri yake ni ya volti 12, ndugu wa zile zilizomo katika bomba za kupulizia dawa zinazotumia betri, na kama hizo nayo huchoka. Panga kuibadilisha baada ya miaka miwili au mitatu.

Cha tatu ni diski. Nunua SSD, ambayo haina sahani inayozunguka kama diski za zamani, hivyo haisumbuliwi na mitikisiko, na kompyuta huwaka kwa sekunde badala ya dakika. GB 256 zinatosha, na ukiweza GB 500. Jihadhari na bei za ajabu. Kuna diski na fleshi za bandia ambazo zimepangwa zijitangaze kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo, na mtu hugundua siku kumbukumbu zinapoanza kupotea.

Prosesa, ubao mama na memori

Hapa ndipo wengi hukosea kwa herufi moja. Chukua mfano wa Intel Core i3-12100, iliyotoka mwaka 2022. Inatosha kazi zote nilizozitaja, na ndani yake kuna uwezo wa kutoa picha kwenye monita. Ndugu yake anayeandikwa i3-12100F hana uwezo huo, na bila kadi ya grafiki monita yako itabaki nyeusi. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600G inatoa picha yenyewe, lakini Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G haitoi. Tofauti ya bei huwa inavutia, kumbe unafuu huo unakulazimisha kununua kipuri kingine.

Ubao mama lazima ulingane na prosesa. Ile i3 inakaa katika soketi ya LGA1700, na ile Ryzen katika AM4. Hazibadilishani, kama ambavyo tairi la baiskeli haliingii kwenye pikipiki. Angalia pia ubao unapokea memori ya aina gani. Mbao za LGA1700 ziko zinazopokea DDR4 na ziko zinazopokea DDR5, na moja haiingii mahali pa nyingine.

Kwa memori, GB 8 zinatosha kuanzia. Nunua kipande kimoja cha GB 8 badala ya viwili vya GB 4, ili nafasi ya pili ibaki wazi kwa siku utakayopata fedha ya kuongeza. Ushauri huu una uzito zaidi sasa, kwa sababu bei ya memori duniani imepanda sana tangu mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye kompyuta kubwa za akili bandia. Mwenye bajeti ndogo asinunue memori ya kujionyesha.

Mgawanyo wa shilingi 100

Kama mchumi, napenda kuigawa bajeti kabla ya kuona bidhaa. Katika kila shilingi 100, mimi hupendekeza 35 ziende kwa prosesa na ubao mama, 25 kwa memori na diski, 12 kwa pawa saplai na kasha, 13 kwa UPS, na 15 zilizobaki kwa monita, kibodi na kipanya. Bei zitayumba, na mgawanyo utayumba nazo. Lakini zile 25 za umeme, yaani pawa saplai, kasha na UPS, zisiguswe. Fedha ikipungua, punguza kwenye prosesa au chukua monita iliyotumika. Kasha nalo likate hewa vizuri tu, taa za rangi hazina faida yoyote kwenye ankara.

Programu nazo zina gharama. LibreOffice ni ya bure na inafungua majedwali ya kawaida. Mfumo wa Linux Mint nao ni wa bure. Ni afadhali hivyo kuliko programu ya wizi inayoingia na virusi.

Wanaopinga wana hoja

Wako watakaosema kompyuta mpakato ni bora kwa sababu ina betri yake. Kwa afisa ugani au dalali anayezunguka minadani, nakubaliana nao. Lakini kwa mtu anayekaa mahali pamoja, kompyuta ya mezani ina faida ambayo mkulima anaielewa kwa haraka: ikiharibika kibodi unabadilisha kibodi, ikifa memori unabadilisha memori. Nyingi ya kompyuta mpakato, kioo kikivunjika tu, matengenezo yake yanakula sehemu kubwa ya bei.

Wengine watasema nunua kompyuta ya ofisi iliyotumika kutoka ng'ambo, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk. Hoja hii ni nzito, na mara nyingi kwa bei haishindiki. Nina tahadhari mbili. Kwanza, msaada wa Windows 10 kutoka Microsoft ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel Core inataka prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Soma tarakimu baada ya kistari: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni kizazi cha 8. Ya kizazi cha 6 ichukue tu kama utatumia Linux. Pili, nyingi za kompyuta hizo hutumia pawa saplai za umbo na plagi za kiwanda chake, hivyo ikiungua hutaipata duka lolote. Ukiichukua, bado weka SSD mpya na UPS.

Risiti na nakala

Naomba jambo moja kwa wauzaji wetu. Risiti inayosema "kompyuta moja" haimsaidii mteja. Andikeni jina kamili la kila kipuri na muda wa waranti. Vyama vya ushirika vya msingi navyo vinaponunua kompyuta kwa fedha za wanachama viweke orodha hiyo mezani kwenye mkutano kabla ya kulipa, maana kumbukumbu zitakazolindwa ni za wanachama wote.

Na hata ukinunua vizuri kiasi gani, kipuri hufa. Nunua fleshi mbili. Kila Ijumaa nakili madeni yako katika moja, Ijumaa inayofuata katika nyingine, na moja kati ya hizo isilale nyumba moja na kompyuta. Kwa hesabu yoyote ya kiuchumi, hiyo ndiyo bima ya bei ndogo kuliko zote unazoweza kununua.

Shangazi sasa ana kompyuta nyingine. Haina kadi ya grafiki, na prosesa yake ni ndogo kuliko ya kwanza. Chini ya meza kuna UPS inayolia kila umeme unapokatika, na fleshi moja hulala kwa dada yake mtaa wa pili. Kaunta buku nalo amelirudisha, na kila mkulima anayelipa hutia sahihi humo. Safari hii sikumwambia aliache.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.