Kadutu: Kifaranga cha bata kisiingie nyumbani bila mama yake

Mbele ya wauza kuku katika soko kuu la Kadutu, mtoto akishaona vifaranga vya bata ndani ya kartoni, mzazi amekwisha kushindwa. Ni vya manjano, ni laini, vinalia kwa sauti ndogo. Mtoto anaomba, mama anakataa. Mtoto anaomba tena, anaahidi kuvilisha na kuvisafisha mwenyewe, hata kuamka asubuhi bila kusukumwa. Mwishoni kifaranga kimoja kinapanda mlima ndani ya kikapu cha mama, kinaingia parsele, na usiku wa kwanza nyumba nzima hailali kwa sababu kinalia bila kunyamaza.

Siku ya tatu au ya nne, mara nyingi, kinakutwa kimelala ubavu, miguu imenyooka. Mtoto analia. Wakubwa wanasema: "Ni bata tu, tutanunua mwingine." Na kweli wananunua mwingine, naye anakufa vilevile.

Hakuna ubaya mtoto wa Kadutu kupenda bata. Mtoto anayeamka kuangalia kama mnyama wake ana maji anajifunza jambo ambalo wazazi wengi wanalitafuta kwa fimbo bila kulipata. Ubaya uko katika namna bata anavyoletwa: mdogo mno, peke yake, bila mama, katika nyumba ambayo haiwezi kuchukua nafasi ya mama huyo. Wazazi wa komini hii wafanye jambo moja tu: vifaranga vije pamoja na mama, au vibaki kwa mama mpaka viote manyoya. Sababu zipo, na moja yake inagusa usalama wa kata nzima.

Joto linaloweza kuunguza nyumba

Bukavu iko juu, karibu mita 1500 kutoka usawa wa bahari, na katika milima ya Kadutu usiku wa mvua kila mtu anajifunika. Kifaranga cha siku moja kinahitaji joto la digrii 32 hivi katika wiki ya kwanza. Baadaye joto linapunguzwa kidogo kidogo, digrii tatu hivi kila wiki, mpaka manyoya ya kweli yatokee. Manyoya laini ya manjano yanayowapendeza watoto hayawezi kukilinda na baridi.

Wafugaji wa nchi nyingine wanawasha taa ya umeme juu ya kartoni. Hapa umeme unakuja na kwenda. Basi familia inatafuta njia nyingine: mshumaa kando ya kartoni, kibatari, au babula la makala linaloingizwa ndani ya chumba na mlango kufungwa ili joto lisitoke.

Kadutu inajua moto. Kata zenye nyumba za mbao zilizobanana, ukuta kwa ukuta, zimeungua mara nyingi, na mara nyingi chanzo kilikuwa kitu kidogo. Gari la zimamoto haliwezi kupita katika vijia ambavyo hata mtu mwenye bidoni kichwani anapita kwa ubavu. Kartoni yenye nyasi kavu ndani na mshumaa kando yake ni moto unaosubiri kuwaka. Na babula katika chumba kilichofungwa lina hatari nyingine: makala yakiwaka bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini.

Mama-bata anafanya kazi hiyo bila kiberiti. Anafungua mbawa, vifaranga vinaingia chini yake, na joto ni lile linalotakiwa, usiku mzima, bure. Kama kwa bahati mbaya vifaranga yatima vimekwisha kufika nyumbani, wazazi wachukue bidoni ndogo ya maji ya moto, waifunike kwa kitambaa kinene na kuiweka upande mmoja wa sanduku, ili vifaranga viweze kuisogelea au kuikimbia. Vikirundikana na kulia, vinasikia baridi. Vikitawanyika vikihema mdomo wazi, joto limezidi. Maji yabadilishwe kabla ya kulala na tena usiku wa manane. Anayeona kazi hiyo ni nzito ajue kwamba ndiyo kazi ya mama-bata.

Bata na maji

Kila mtoto anajua kwamba bata anaogelea. Kwa hiyo siku ya kwanza anajaza beseni maji na kukitia kifaranga ndani. Kinaogelea kweli, watu wanacheka. Baada ya muda kinaloa mpaka kwenye ngozi, kinatetemeka, na kesho yake kimekufa. Tezi ya mafuta ambayo bata mkubwa anaitumia kupaka manyoya yake ili maji yasiingie bado ni changa kwa kifaranga. Kikiwa na mama, kikitoka majini kinakimbilia chini ya mbawa zake kukauka. Kikiwa peke yake, hakina pa kukimbilia.

Hata hivyo maji hayawezi kukosekana. Kifaranga kinahitaji maji ya kunywa saa zote, na chombo kiwe na kina cha kutosha kuingiza mdomo mpaka kwenye matundu ya pua, kwa sababu ndivyo bata anavyosafisha pua na macho. Sahani yenye vijiwe ndani inatosha: kichwa kinaingia, mwili haulowi. Maji hayo yatachafuka mara nyingi kwa siku. Katika kata ambako mabomba hukaa makavu na watoto hupanga mstari na bidoni, familia ihesabu jambo hilo kabla ya kutoa feza. Na mtu asiseme atawapeleka bata mtoni: mto Kawa, unaobeba uchafu wa nyumba nyingi mpaka ziwa Kivu, haufai kwa vifaranga wala kwa watoto wanaovifuata.

Mkate na fufu havitoshi

Kosa jingine la wanaoanza ni chakula. Mtoto anagawana na bata alicho nacho mkononi: mkate, fufu, wali. Tumbo linajaa, mwili haukui. Kifaranga cha bata kinahitaji chakula kinachojenga mwili, na kinahitaji vitamini B3 kuliko kifaranga cha kuku. Ikikosekana, miguu inalegea, magoti yanavimba, na bata anatambaa kwa matiti. Watu husema amerogwa au amekanyagwa, kumbe ni njaa ya aina yake. Mahindi peke yake hayasaidii, kwa sababu vitamini hiyo imo ndani yake lakini mwili hauipati kwa urahisi.

Dawa ya jambo hili iko sokoni. Sambaza, samaki wale wadogo walioletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka wa 1959, wakikaushwa na kusagwa, kiasi kidogo kikichanganywa na pumba ya ngano na majani mabichi yaliyokatwa vidogo, vinampa kifaranga nguvu. Lakini chakula chenye ukungu kisitolewe hata siku moja. Mwaka wa 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba karanga walizolishwa zilikuwa na sumu ya ukungu, ile inayoitwa leo aflatoksini. Vifaranga vya bata vinaumizwa na sumu hiyo upesi sana, hata wachunguzi wa wakati ule walivitumia kupima kama chakula kina sumu. Kwa hiyo mahindi au karanga zilizooza ambazo mama amezitenga zisigeuzwe chakula cha bata.

Mama-bata hajasoma haya yote, lakini anajua kutafuta. Anawatembeza wanawe kwenye majani, anafukua udongo laini, anaokota wadudu na konokono wadogo. Nusu ya mafunzo ya chakula anayatoa yeye.

Mtoto anapogeuzwa kuwa mama

Kuna jambo lingine ambalo watoto wanalipenda bila kujua maana yake. Kifaranga kilichotoka katika yai bila kumwona mama humfuata yule kinayemwona kwanza. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, aliandika juu ya tabia hiyo mwaka wa 1935, na vitoto vya bata bukini vilikuwa vinamfuata yeye kama mama yao. Mwaka wa 1973 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi yao juu ya tabia za wanyama.

Kifaranga kumfuata mtoto mpaka mlangoni kunachekesha. Lakini mtoto huyo anakwenda shule asubuhi. Kifaranga kilichomchukua kuwa mama kinabaki kinalia mpaka arudi, kinapita kila mguu, na katika parsele yenye familia nne au tano miguu haikosekani. Wengi hukanyagwa kwa namna hiyo. Kama mama hayupo kabisa, basi viwe angalau viwili, visikilizane.

Wazazi wakumbuke pia usafi. Bata mwenye afya nzuri kabisa anaweza kubeba mikrobe ya salmonela, inayowaharisha watoto wadogo vibaya. Kifaranga kisibusiwe, kisilale kitandani, kisitembee mahali pa kupikia, na kila aliyekishika anawe mikono kwa sabuni. Mtoto ambaye bado hajafikisha miaka mitano aangalie kwa macho tu.

Mama-bata atapatikana wapi?

Wengine watasema: haya ni maneno mazuri, lakini bei ya bata jike mwenye vifaranga ni kubwa, na kifaranga kimoja kinanunuliwa kwa feza kidogo. Ni kweli. Lakini vifaranga vinne vilivyokufa kimoja baada ya kingine si bei rahisi. Na njia zipo.

Ya kwanza ni kuchanga. Watu wa Bushi wamezoea kufugiana wanyama: mwenye mbuzi anampa jirani amfugie, mbuzi akizaa wanagawana. Familia tatu za parsele moja zinaweza kununua jike mmoja wa bata wa Barbari, yule mwenye nyama nyekundu usoni na asiyepiga kelele, zikapanga zamu, na kila mtoto akajua kifaranga chake ni kipi.

Ya pili ni kuku anayelalia. Akiwekewa mayai ya bata anayalalia bila kuuliza. Ila mwenye kuku awe mvumilivu: yai la kuku linaanguliwa kwa siku 21, la bata wengine kwa siku 28, na la bata wa Barbari kwa siku 35. Kuku huyo asogezewe chakula na maji ili asichoke na kuacha mayai. Vifaranga vikiingia beseni atazunguka ukingoni akilia kwa hofu, lakini vikitoka atavifunika.

Ya tatu haina gharama mpya. Mtoto achague kifaranga kwa mfugaji, akiwekee alama, na akiache hapohapo kwa mama yake. Awe anakwenda kukiona baada ya shule na kupeleka majani. Akichukue baada ya miezi miwili au zaidi kidogo, manyoya yakiwa yameota. Mtoto aliyeweza kusubiri muda huo bila kusahau ameonyesha kwamba anaweza kufuga. Aliyesahau baada ya wiki moja ameiokoa familia na gharama, na bata na kifo.

Parsele isiyo na kivuli, isiyo na banda la kufungwa usiku wala mahali pa kumwaga maji machafu bila kumchokoza jirani, isilete bata kabisa. Simbiliki, ambao familia nyingi za hapa zinawafuga tangu zamani, wanakula majani na kukaa kimya pembeni. Mtoto atawapenda vilevile.

Neno kabla ya feza

Limebaki jambo moja ambalo wakubwa hawapendi kulisema. Dume la bata wa Barbari akikomaa anaweza kupita kilo nne. Siku ya Bonane ikifika, wageni wakiwa njiani na sufuria ikiwa tupu, macho ya wakubwa yanamgeukia. Mtoto anarudi kutoka kucheza, anamwita bata wake, haitikiwi. Anaambiwa ameibiwa. Jioni anaona mifupa.

Hakuna dhambi katika kuchinja bata. Familia inayofuga kwa ajili ya nyama iseme hivyo tangu siku ya kwanza, na mtoto atazoea. Lakini aliyeambiwa "huyu ni wako" aachiwe wake, au aulizwe kwanza. Mtoto huyo alishika ahadi yake ya kuamka, kubadilisha maji na kukata majani. Mkubwa akivunja yake kwa kisu, asishangae mwaka ujao mtoto asipoamini neno lake juu ya jambo lingine.

Basi wakati mwingine mtoto atakaposimama mbele ya kartoni sokoni, mzazi asianze na bei. Amuulize muuzaji kwanza: mama yao yuko wapi?